Huruma Aliyoonewa Ng'ombe wa Mzee Shaame

Shoga, bibi kanifukuza kwake sasa hivi. Nimemwambia tu namwonea huruma mbuzi wake mgonjwa.

Kumbe neno lenyewe lina kisa. Mwaka 1936 babake, Mzee Shaame, alipeleka dume lake kwenye mchezo wa ng'ombe. Unaujua: zumari inalia, wanawake wanaimba, vijana wanamchokoza kwa nguo, kisha anarudi zizini mzima, anakula majani yake.

Akatokea mzungu mmoja, mgeni wa serikali. Akasema huo ni ukatili, ni ushenzi. Akawasomesha nusu saa nzima: huruma, upole, ustaarabu. Mzee Shaame akaitikia "naam, bwana", kamba mkononi, akidhani hotuba ikiisha atakwenda zake.

Basi yule mstaarabu akatoa bunduki, akampiga ng'ombe risasi. Eti asiteseke tena.

Palepale, shoga. Kamba bado imo mkononi mwa mzee. Na kwa upole wake, bwana akampa pole.

Sasa mimi nataja huruma, bibi wa miaka tisini na kitu kasimama mbele ya mbuzi wake, mchi mkononi.