Kitanda cha Mama na Bledi Kibogoyo

Karakana ya Baba,
Nyuma ya Kinu cha Unga.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na ule mgongo wako unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mimi roho haikutulia wiki nzima. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Kama dada alivyokwambia, mama alivunjika nyonga. Daktari alisema atatoka Jumamosi, na asilale tena kwenye godoro la chini. Nikaamua kumtengenezea kitanda kwa ule ubao aliouacha baba, mgumu kama chuma, uliokaa darini miaka tisa. Ni huo huo mmoja. Ukiharibika hakuna mwingine.

Alhamisi nikaulaza mezani, nikapanga reli ya msumeno wa umeme, nikafunga bledi yangu ya meno arobaini na manane. Unanijua kwa ubishi: meno mengi, mkato safi! Lo! Sijafika hata hatua moja, moshi. Unga wa mbao ulikosa pa kutokea, ukingo ukaungua mweusi, ubao ukajibana ukaung'ang'ania msumeno. Nikazima mashine.

Hapo nikaikumbuka bledi yako ya kupasulia mbao ngumu, ya meno kumi na mawili, niliyoicheka mbele ya mafundi nikaiita kibogoyo. Siku ile ile ukafunga virago. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, kaka. Nilizunguka maduka yote, nikakuta za plaiwudi na mbao laini tu. Yako imo sandukuni mwako.

Na sheria ya baba unaijua: sanduku la fundi haliguswi na mkono mwingine. Miaka mitatu nafagia pembeni yake, kufuli naliona. Nikwambie ukweli, lilikuwa likiniudhi. Nilikuwa nasema, amenifungia mimi.

Ijumaa asubuhi nikachukua nyundo na patasi, jasho linanitoka kama mwizi. Fundi rangi akauliza kutoka mlangoni, "Unavunja la kaka yako?"

Nikamjibu, "Mama ni wetu sote."

Nikalishika kufuli nipime pa kupiga. Likafunguka mkononi. Halikufungwa, kaka. Lilikuwa limening'inia tu.

Bledi ilikuwa juu ya vyote, ndani ya kitambaa chenye mafuta. Nikaifunga msumenoni, nikapachika kabari kwenye mkato, nikasukuma polepole nikiisikiliza mota. Ikala ubao wote bila moshi. Palipoungua nimepapiga randa. Alama iliyobaki imeelekea ukutani.

Jana mama amekilalia. Aliuliza nani kapasua mbao. Nikasema ni sisi wawili, akafumba macho.

Nisalimie shemeji, na yule binti yako mdogo asiyenijua. Dada na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na akulete ungali na nguvu za kushika randa.

Bledi nimeisafisha na kuirudisha mahali pake. Kufuli nimeliacha kama ulivyoliacha.

Ndimi mdogo wako mbishi, akupendaye.