Mukwe Aliyemusahihisha Baba Mukwe Siku ya Mali

Mama Agathe mupendwa,

Mimi niko na haki lakini sina bibi, na njo sababu nakuandikia wewe huko Bukavu, unayejibu shida za watu, juu hapa Kashuga kila muntu ninayemuuliza ananiambia "pole, mwalimu," halafu anageuka pembeni kucheka. Jina langu ni Hubert, ninafundisha klasi ya tatu ku masomo ya misioni, mwaka huu wa 1956 njo nilipanga kuoa, na muchumba wangu ni Généreuse wa Buleusa, kule Walikale, mutoto wa Papa Athanase, muwindaji ambaye watu wote wa musitu ule wanamujua kwa nyavu zake, na huyo Généreuse, Mama, mimi namupenda mupaka chakula kinanishinda.

Sasa sikiliza. Siku ya kutoa mali ya kuoa tulifika na mbuzi na kasiksi, pombe ile ya ndizi, baba mudogo wangu Evode njo alikuwa musemaji wetu, kwa maana kwa desturi ya kule mukwe hasemi siku ile, anakaa ku mukeka, macho chini, kama hana ulimi, na wengine wanasema kwa jina lake, na mimi nilijua desturi ile vizuri, nilikaa, nilinyamaza, mambo yote yalienda sawa mupaka mbuzi zikapokelewa, mupaka Papa Athanase mwenyewe akasimama na kibuyu cha kasiksi mukononi kutubariki, na yeye ni mukristu wa kweli lakini hajui kusoma, akaanza kusema hivi: "Kama vile Musa wa zamani alimutuma mutumishi wake amutafutie mutoto wake Isaka bibi…" Mama Agathe, Musa! Mimi tangu asubuhi mupaka mangaribi kazi yangu ni kusikia kosa na kulikamata, kinywa changu kilifunguka peke yake, nikasema, "Abrahamu, Papa. Si Musa." Baba mudogo akanifinya muguu. Papa Athanase akaniangalia, akaendelea: "Mutumishi akafika ku kisima, akamukuta musichana, jina lake Raheli…" na mimi, ole wangu, nikasema, "Rebeka."

Vijana wakacheka. Hapo njo mambo yaliharibika, juu walimucheka yeye, hawakunicheka mimi. Papa Athanase akaweka kibuyu chini pole pole, akasema, "Mimi leo nilikuwa natoa mutoto. Sikukuwa nafanya egzamen. Evode, fungua mbuzi zako, mwende nazo." Tukarudi na mbuzi zote, njia nzima baba mudogo alinitangulia kwa hasira, na mbuzi nazo zililia kunizidi mimi.

Na sasa kuna muuza chumvi anaanza kupumuzika ku kiwanja kwao kila anapopita, na Mama Pétronille, mama ya Généreuse, anamupikia. Mimi nilimuuliza Padri, akasema ndiyo, ni Abrahamu, ndiyo, ni Rebeka, nilisema kweli tupu, nimeshinda! Basi nafikiri kumuomba Padri twende naye Buleusa na Biblia, aisome mbele ya watu wote wa barza, ili Papa Athanase aone kama sikumutukana, nilimusahihisha tu. Nifanye hivyo, ao nitafute bibi mwingine? Nijibu mbio, juu chumvi ya yule muntu haiishe.

Hubert, mwalimu, Kashuga


Hubert mutoto wangu,

Pole. Basi, pole nimekupa, sasa kaa sawa, fimbo inakuja.

"Nimeshinda," unasema. Umeshinda nani? Baba ya bibi yako! Hongera sana. Ukienda na Padri na Biblia utamushinda tena, mbele ya kijiji kizima, halafu utarudi Kashuga na ushindi wako, uulaze ku kitanda, uufunike blanketi, uone kama utakupashia moto. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulijikwaa, ukainuka, ukarudi kujikwaa ku jiwe lile lile.

Marehemu bwana yangu alifanya kazi miaka mingi kwa Waingereza, ngambo ya Uganda, na mangaribi alipenda kunifundisha maneno yao. Aliniambia kuna maneno mawili yenye wageni wanachanganya kila siku: correct na mend. Nikamuuliza, si yote ni kuondoa ubaya? Akasema, aa, hapana. Daftari ya mutoto unaifanya correct: unaonyesha kosa iko wapi, unapiga alama, kazi imeisha, na aibu inabaki kwa yule aliyekosa. Suruali yenye kupasuka unaifanya mend: unakaa chini, unaiweka ku magoti, unashona, na hauinuke mupaka muntu aweze kuivaa tena. Sisi tunasema kusahihisha, na tunasema kutengeneza. Hata bila Muingereza ulipaswa kujua kama si kitu kimoja.

Mutazame baba mukwe wako. Umeandika mwenyewe kama ni muwindaji wa nyavu. Wavu ukipasuka, anaupigia alama nyekundu? Anaubeba nyumbani, anaukalia siku nzima na kamba yake. Siku ya mali nyumba mbili zilikuwa zinafungwa pamoja, na yeye njo alikuwa ameshika kamba. Wewe ukaleta kreyo nyekundu ya kusahihishia daftari. Musa ao Abrahamu, Hubert, baraka ilikuwa yako! Mungu anawajua wote wawili, hangekosea nyumba.

Lakini usilie, juu umupendaye yuko bado kwa baba yake, na muuza chumvi hajatoa hata kuku. Fanya hivi. Biblia ibaki nyumbani, Padri abaki ku misioni. Umuombe Evode musamaha kwanza, umemutia haya ya bure. Kisha mwende wawili tu, na mbuzi moja na kasiksi nzuri, mukono mutupu haulambwi. Usieleze kitu. Usiseme "lakini." Evode amuombe muzee jambo moja tu: awape ile hadisi tena, tangu mwanzo, kwa sababu ulimukatiza akiwa hajaimaliza. Halafu ukae ku mukeka. Akisema ni Musa, ni Musa. Akisema ni Pilato, ni Pilato! Mutaka cha muvunguni shurti ainame, na mugongo wako wewe, mwalimu, ni mugumu sana. Uende wiki hii.

Mama Agathe


Mama Agathe,

Piga vigelegele huko Bukavu! Niko na bibi!

Tulimukuta muzee anatengeneza wavu, haki ya Mungu, kama vile ulimuona. Hakunisalimia. Alinitupia tu upande mwingine wa wavu, nikaushika, yeye akaendelea kufunga. Evode akasema maneno yako. Muzee akafikiri mupaka kifundo kikaisha. Halafu akasema, "Basi. Zamani Nuhu alikuwa na mutoto, jina lake Isaka." Akaniangalia. Mimi nikaangalia wavu.

"Nuhu akamuita mutumishi wake, akamupandisha yulu ya tembo." Tembo, Mama! Jasho lilinitoka mupaka ku masikio. Niliuma mudomo, nikashika ule wavu kama muntu anayezama. "Mutumishi akafika ku kisima, akamukuta musichana muzuri, jina lake…" Akangoja. Akangoja sana. "Jina lake Pétronille."

Nikanyamaza. Evode akanyamaza. Hata kuku zilinyamaza. Na mara tukasikia sauti kutoka ku jiko, inalia kama ya muntu aliyeungua muguu: "Papa! Ni Abrahamu! Ni ngamia! Ni Rebeka!"

Alikuwa Généreuse, imemushinda. Muzee akaachilia wavu, akacheka mupaka akakohoa, akapiga mapaja. Kumbe katekista alikuwa amemueleza yote tangu ile wiki ya kwanza, Abrahamu anamujua kunizidi. Akaita, "Pétronille! Umusikie mutoto wako! Muuza chumvi atamuweza huyu? Evode, kesho lete mbuzi zako zote. Hawa wawili wanafanana, waende wakasahihishane kwao." Halafu akanishika mukono, mbele ya watu wote, akanipa kibuyu, nikakunywa wa kwanza. Mama Agathe, nililia. Nilitembea toka Buleusa mupaka Kashuga sisikii miguu, naimba, na baba mudogo Evode anaimba nyuma yangu.

Baada ya Pasaka Padri alitufungisha ndoa, na watu wa Buleusa walijaza kanisa mupaka inje. Papa Athanase alisimama akatubariki tena, akasema Abrahamu wazi wazi, akanikonyeza jicho.

Généreuse ameketi hapa karibu yangu, nimemusomea barua hii yote, na anasema nimekosa: pale ku wavu aliyecheka wa kwanza ni mama yake. Mimi nakumbuka vizuri sana, ni Papa. Nimenyamaza.

Hubert, bwana ya Généreuse