Mdomo wa Mama Natalie

Nairobi
12 Februari 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na mdogo wangu Musab hamjambo, na kwamba goti limepunguza kuuma. Mimi ni mzima, ila joto la huku limenichosha.

Nakuandikia kwa simu badala ya kukupigia kwa sababu ukiwa kwa kibanda chako cha chakula pale Salgaa husikii kitu kwa kelele za matrela. Kwanza nakushukuru. Bila wewe hakuna mtu Salgaa angenifungulia mdomo. Madereva walidhani nimetumwa na polisi, na akina mama wa hoteli walidhani nauza meno ya bandia. Uliposema tu kwamba mimi ni mtoto wa marehemu ndugu yako Shariff na wewe ndiye umenilea, foleni ikajipanga.

Vile nilikueleza, mimi na profesa wangu wa chuo tunachunguza zile paketi za popoo tamu ambazo watu wanatafuna ili wasisinzie. Popoo inakausha nyama ya ndani ya mashavu, inakuwa nyeupe na ngumu, na mdomo unaanza kukataa kufunguka. Huo ugonjwa wenyewe si saratani, lakini kwa wengine unageuka kuwa saratani. Ndiyo maana ni muhimu wajulikane mapema.

Sasa shida ni Mama Natalie, mwenzako wa kibanda. Amekataa kabisa. Na nilimwona akila, anaingiza wali kwa kona ya mdomo kidogo kidogo kama anayemlisha mtoto mchanga. Yeye ndiye namtaka kuliko wote. Tafadhali ongea naye, wewe anakusikia. Nikipata kitu kibaya kwa mtu yeyote, wewe utajua mara moja.

Mwanao,
Jannat


Bondeni, Nakuru
20 Machi 2023

Mwanangu Jannat,

Waaleikum salaam. Sisi tuko salama, alhamdulillahi. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio. Musab anafanya mtihani wa udereva wiki ijayo na hataki tuuzungumzie.

Jumamosi ulipokuja ulimkuta Mama Natalie ameshakubali, na hukuniuliza nilifanyaje. Wacha nikuambie. Njoki, huyo Mama Natalie wako, si mwoga. Tumepika naye kibanda kimoja tangu ukiwa darasa la pili, mimi na pilau yangu, yeye na mukimo wa viazi vya kwao Dundori, na nimemwona akifukuza wanaume wazima kwa mwiko. Lakini hospitali anaihepa, kwa sababu mama yake aliingia huko na hakutoka. Aliniambia, "Kadija, nikijua ndiyo nitaanza kuugua. Wacha nisijue."

Nikamwambia, "Jannat si daktari wa watu, ni wetu. Ulimbeba mgongoni akiwa na surua, mimi niko matangani Mombasa. Hawezi kujua kitu juu yako akanyamaza."

Alikaa akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Halafu akasema, "Basi aje."

Ulipokata kile kinyama cha kupima ndani ya shavu alinishika mkono mpaka pete ikaniingia. Siku hiyo alikunywa uji uliopoa tu. Pilipili inamchoma hata akiinusa, na vidole viwili haviingii mdomoni mwake. Anauliza kama aache popoo. Tunawasha jiko kabla ya alfajiri na hiyo ndiyo humfungua macho, kwa hivyo ataacha kwa shida, lakini ukisema aache ataacha. Niambie nimjibu nini.

Ramadhani imekaribia. Usifunge bila daku kama mwaka jana.

Shangazi yako,
Kadija


Nairobi
9 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Assalaam aleikum. Habari za huko, na za kibanda? Naomba radhi kwa kukawia. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisema kabla halijakaa sawa. Nimepata ufadhili wa kusoma Uingereza, miaka mitatu! Naondoka mwezi wa nane. Profesa anasema ni kazi ya Salgaa iliyowafanya wanichague. Nilipopata habari nililia, nikakukumbuka ukinipikia maharagwe usiku wa mitihani. Hii nafasi ni yako pia.

Majibu ya wale tuliowakata nyama yako na profesa, bado yanashughulikiwa. Mwambie Mama Natalie asiwe na wasiwasi. Kuhusu popoo, kwa sasa aendelee tu alivyozoea, maelezo tutawapa wote kwa pamoja. Mwaka ujao timu itarudi kuwaona tena, kwa hivyo nisaidie wasitawanyike.

Nitakuja kukuaga inshallah.

Mwanao,
Jannat


Bondeni, Nakuru
2 Novemba 2023

Mwanangu Jannat,

Assalaam aleikum. Unaendeleaje na baridi ya huko? Hukuja kuniaga, lakini nilijua ni haraka za safari. Musab alipita mtihani, siku hizi anapeleka mboga Naivasha.

Hii ni mara ya nne nakuandikia tangu uondoke. Naona alama za bluu kwamba umesoma, kwa hivyo najua u hai.

Njoki hali yake si nzuri. Kidonda kimetoka kwa shavu, upande ule ule uliokata, na hakiponi. Chapati hawezi, wali hawezi, anakunywa kwa mrija. Mdomo umefunga mpaka akicheka unaona jino lake la fedha peke yake. Wateja wanadhani amekuwa na maringo kwa sababu haongei. Natalie alitaka kumpeleka hospitali mwezi wa nane. Mimi ndiye nilimkataza. Nilimwambia mama yake ameshapimwa na Jannat, na Jannat amesema asiwe na wasiwasi, tusimpeleke akakatwe mara ya pili bure. Natalie alinisikiliza kwa heshima akarudi Dundori.

Sasa naogopa. Nijibu neno moja tu, aende au asiende.

Shangazi yako,
Kadija


Bondeni, Nakuru
23 Januari 2024

Jannat,

Assalaam aleikum. Sisi wa nyumbani ni wazima.

Hukunijibu, kwa hivyo nilimpigia Natalie nikamwambia amchukue mama yake, na mimi nikaenda nao. Tulipelekwa kwa daktari wa kinywa anayeitwa Jepkemei, msichana wa umri wako. Alimwomba Njoki afungue mdomo kadiri anavyoweza, akamulika tochi. Kisha akazima tochi, akaiwasha tena, akaangalia lile jino la fedha.

Akasema, "Mama, mimi nimeuona mdomo huu."

Tulidhani anatania. Akatueleza kwamba mwezi wa tisa alikuwa kwa semina ya madaktari Nairobi, na mwanafunzi mmoja kutoka Uingereza aliwaonyesha ukutani picha kubwa ya mdomo wa mwanamke wa kibanda cha barabarani. Jina halikutajwa, uso haukuonekana, ila jino lilionekana. Huyo mwanafunzi alisema nyama iliyokatwa Machi ilionyesha chembe zimeshaanza kugeuka, lakini saratani bado. Alisema pia kwamba mgonjwa anaendelea kutumia popoo, na ataangaliwa tena baada ya mwaka ili ijulikane imefika wapi. Watu walipiga makofi. Daktari Jepkemei anasema hata yeye alipiga, akidhani mgonjwa ameelezwa akakataa kuacha.

Nilimuuliza jina la mwanafunzi huyo. Nilikuwa nimeshajua, lakini nilitaka nilisikie kwa mtu mwingine.

Jannat, mwezi wa tisa ulikuwa Nairobi. Ulishuka kwa ndege, ukasimama mbele ya watu na mdomo wa Njoki, ukapanda ndege ukarudi. Nakuru hukufika. Na mimi huku nilikuwa namwambia Natalie aache pupa.

Sasa ni saratani. Wanamkata mwezi ujao, shavu na kipande cha taya. Tulipotoka mle ndani Natalie alishika mkono wa mama yake wakanitangulia, na sikuwafuata. Nilikaa kwa benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Niambie si kweli. Ukiniambia si kweli nitakuamini, ndivyo nilivyo mjinga.

Shangazi yako,
Kadija


Uingereza
26 Januari 2024

Shangazi yangu,

Assalaam aleikum. Natumai umelala japo kidogo. Mimi sijalala tangu nisome ujumbe wako.

Ni kweli majibu nilikuwa nayo tangu Mei. Lakini nakuomba unielewe. Si mimi niliyepanga utafiti, ni profesa. Alisema tukiwaambia wataacha popoo, na wakiacha hatutajua ugonjwa unakwenda kwa kasi gani. Duniani watu wengi sana wanatafuna popoo, na kile tunachojifunza Salgaa kitawaokoa. Mwaka mmoja tu, alisema, halafu tuwaambie na kuwatibu. Nilibisha, wallahi. Akaniambia kuna wengine wanaotaka nafasi yangu. Ningefanya nini? Nilikuwa nataka kukujibu kila mara, naandika, nafuta.

Nairobi nilikaa siku chache sana. Nilishindwa kuja, kwa sababu nikikuona ningesema.

Kuna jambo lingine. Daktari Jepkemei ameiandikia kamati ya chuo chetu cha Nairobi, ile inayosimamia utafiti, na wameanza kuuliza maswali. Profesa anasema mimi ndiye nilikuwa na jukumu la kuwajulisha watu. Ananiachia mzigo wote. Watakutafuta na wewe, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa kiungo chetu pale. Shangazi, ungeweza kuwaambia kwamba nilikueleza majibu kwa simu, ukapitiwa kumwambia Mama Natalie? Wewe hawatakufanya kitu. Ni mtu mzima, una mambo mengi, kila mtu ataelewa. Mimi nitanyang'anywa kila kitu ulichonisomeshea.

Nakuomba kwa jina la Baba.

Mwanao,
Jannat


Bondeni, Nakuru
8 Juni 2024

Jannat,

Assalaam aleikum. Musab hajambo. Goti langu halijambo.

Nimekaa na barua yako tangu Januari. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa nakutetea, na nilitaka kwanza hilo liniishe.

Njoki alikatwa Februari, kisha akapelekwa mionzi. Shavu la kushoto limeingia ndani. Anaongea, lakini mtu asiyemzoea hapati maneno. Nilimuuliza Daktari Jepkemei kama angeambiwa mapema ingekuwaje. Alisema hakuna anayeweza kuapa, maana kuna wanaoacha na bado inawageuka. Lakini ile Machi kilikuwa bado kitu cha kufuatiliwa na kukatwa kidogo, akasema, na kila mwezi uliopita ulikuwa wa Njoki kuamua, si wako, Jannat, wala wa mtu mwingine.

Natalie hakuniruhusu niingie wodini. Nilikuwa nakaa nje na supu, nesi anaingiza. Mara ya tatu au ya nne Njoki mwenyewe alitoka akishikilia ukuta, akakaa kando yangu, akachukua kikombe. Hakusema nimesamehe wala sijasamehe. Alikunywa supu.

Baada ya hapo nilienda Salgaa nikasimama pale pale niliposimama siku ile ya foleni, nikawaambia wote. Nilisema majibu yao yapo na walifichwa, na mimi ndiye niliwaambia wakuamini. Wachuka, yule anayeuza chai, aliniuliza, "Na wewe, Kadija, ulijua?" Nikasema sikujua. Akarudi kwenye birika lake. Wengine bado hawali kwangu. Lakini walienda kupimwa, Daktari Jepkemei alikuja na watu wake wakawaangalia mmoja mmoja. Kipkemoi, yule dereva aliyekuwa akikuletea miwa, naye anao ugonjwa huo. Hajafika kwa saratani. Ameacha popoo, anafanya mazoezi ya kufungua mdomo akiwa kwa usukani, na anafuatiliwa.

Kamati imenipigia simu. Wataketi Jumanne ya wiki ijayo, nawe umeitwa. Njoki pia ameitwa, na ameniomba nimsemee, kwa sababu hawatasikia anachosema. Nimekubali.

Ulitaka niseme nilisahau. Nilijaribu kulisema hilo nikiwa peke yangu jikoni, nione kama linatamkika. Ulilala njaa lini kwangu, Jannat, hata uniombe nibebe lawama ya shavu la Njoki? Kwamba uliogopa kupoteza nafasi, hilo ningelilia na lingeisha. Ila ulikaa ukafikiria ni nani wa kuwekwa pale badala yako, ukaniona mimi. Na ukalitaja jina la ndugu yangu.

Nitawaambia ilivyokuwa. Nitasema pia profesa alikutisha, kwa sababu ni kweli. Baada ya hapo sijui. Kitanda chako hapa sijakiuza.

Jumanne nitakuwa nimekaa karibu na Njoki. Ukiingia usianze na mimi. Msalimie yeye kwanza, na umngoje ajibu, hata akichukua muda.

Shangazi yako,
Kadija