Upande wa Mlango

Jumamosi, Mpemba

Godoro lenyewe nimelikubali, ila moyo umekataa kutulia.

Anayetununulia ni binti yetu Tumaini. Amechoka kusikia kwamba mimi nalala sebuleni kwa ajili ya joto la umri huu, na baba yake anatetemeka chumbani tangu alipofanyiwa operesheni. Godoro hili upande mmoja unapoa, wa pili unapasha joto, na kila mtu ana rimoti yake.

Dukani Tunduma muuzaji akasema, "Mama, baba, vueni viatu, mlale mjaribu." Nilale na mume wangu mbele za watu! Hasira hiyo ninayo mpaka sasa. Lakini Baba Tumaini akavua viatu bila ubishi, akajilaza.

Akajilaza upande wa ukutani.

Miaka thelathini na moja mwanaume huyu amelala upande wa mlango. Kwao Ibaba mume ndiye hulala huko, ili chochote kitakachoingia kimkute yeye kwanza. Nikamwambia polepole, "Baba Tumaini, hapo ni kwangu."

Akafumba macho. "Sasa lala wewe mlangoni, Mama Tumaini."

Muuzaji akauliza upande upi uwe wa joto. Nikasema wa ukutani.

Godoro litaletwa Jumatatu. Panga la Baba Tumaini bado liko chini ya kitanda, upande wa mlango, lilipokaa miaka yote. Leo nimelishika kwa mara ya kwanza.

Ni zito kuliko nilivyodhani.