Swali Nililomuuliza Dada wa Mashine

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini. Nimefanya jambo la aibu.

Leo kamati yetu ilikuwa inachagua kampuni changa ya kuipa mtaji. Akaingia dada mmoja aliyebuni mashine ya kukausha mboga. Alieleza vizuri hadi wanaume wote wanne wa kamati wakaweka simu chini.

Kisha mimi, mwanamke pekee pale mezani, nikamuuliza: "Una mtoto mchanga. Kampuni ataiendesha nani?"

Mimi, shoga. Mimi niliyerudi kazini maziwa yakinichuruzika.

Akanijibu taratibu, "Kaka aliyeomba mtaji kabla yangu ana mapacha wa wiki tatu. Naye mlimuuliza?"

Hatukumuuliza. Na mtaji amepewa huyo kaka.

Bosi akaninong'oneza, "Afadhali umeuliza wewe. Sisi tungeonekana wabaya."

Nikamkimbilia yule dada hadi kwenye lifti, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, dada. Ila nina wanawake kumi na wawili wananisubiri karakanani. Twende ukawaambie wewe kwa nini tumekosa mtaji."

Akaushikilia mlango wa lifti, ananingoja.

Sikuingia.