Propela ya Baba na Rangi Yetu Nyeusi

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Wifi na watoto je? Na kile kikohozi kimekuachia, au nacho kimerithi ukaidi wako? Sisi tu wazima. Goti la Mama humsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatushinda wote kwa mbio.

Baba ndiye aliyetutia hofu. Mwezi uliopita gari lake la milimani lilianza kulia kwi-kwi kila linapoondoka. Mimi na mdogo wetu, Injinia wa Mdomo, tukaingia chini. Krosi, vile viungo vya msalaba kwenye ncha za propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zilikuwa kavu, zinamwaga vumbi la kutu. Tukafunga mpya, tukapiga grisi mpaka ikachungulia kwenye vikombe vyote vya krosi. Tena, kwa mapenzi, tukaisugua propela nzima na kuipaka rangi nyeusi, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Wee! Gari lililokuwa likilia tu sasa likatetemeka, meno yakagongana. Baba akazima injini, akasema, "Limezeeka, na mimi nimezeeka. Mwiteni mnunua vyuma chakavu." Akajifungia chumbani, hata kutugombeza akaacha. Kaka, niliogopa kweli. Nyumba bila makelele ya Baba si nyumba.

Juzi, mnunuzi akiwa anatarajiwa kesho yake, nilimpelekea Baba chai, nikamsimulia jinsi tulivyoipendezesha propela. Akainuka kitandani.

"Mmeipaka rangi? Na alama zangu?"

Propela huchomoka katikati, nasi tuliichomoa ili tuisugue vizuri; kumbe kabla ya kuichomoa Baba hukwaruza alama kila upande, ili irudi ilivyokuwa. Uma zinazoshika krosi kwenye ncha zote mbili zisipotazama upande mmoja, hata krosi mpya haisaidii, gari litatikisika tu. Sisi tulizisugua zile alama, kisha tukazizika kwa rangi.

"Uzuri wa mkakasi!" akafoka, akatoka na kandambili. Akatulaza chini ya gari, akasimama kando akituelekeza tuichomoe tena na kuzipanga uma sawasawa, na Injinia akaitwa majina ambayo kalamu yangu inaona haya kuyaandika. Nami huko chini nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Tulipomaliza, akaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, kile kipimo chake cha siku zote, akaendesha mwenyewe hadi darajani na kurudi. Akashuka akiinywa chai ile, haijamwagika hata tone. Krosi za ekseli ya mbele, anasema, zisiguswe mpaka uje wewe, maana hapa amezungukwa na wapaka rangi.

Mnunua vyuma alifika jana na lori lake. Baba akampokea vizuri, akamkaribisha chai, kisha akamwambia, "Rudi nikizeeka."

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama na Injinia wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye,
Dada yako mdogo, mwenye grisi kucha zote