Neno Moja Juu ya Kaburi la Baba

Conamara, Ayalandi, 14 Novemba

Dada yangu mpenzi Ibolya,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanao, nikiomba muwe wazima na kikohozi cha yule mdogo kiwe kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Wazee ninaowahudumia hapa wananipenda, ingawa mmoja kila asubuhi huniuliza nitarudi kwetu lini. Lakini Jumanne nimegundua jambo, nami naomba ukae kitako kabla hujaendelea.

Unaikumbuka ile karatasi iliyokutwa mfukoni mwa Baba alipofia huku, kituoni, akingoja basi. Neno moja tu: bán. Tulikuwa hatujasikia sauti yake miezi saba, tangu alipogombana na Mama akaondoka. Mama aliisoma, akaenda chumbani, na alipotoka alituambia kwamba kwa Kihungari chetu neno hilo ni anajuta, yaani Baba alikufa akijuta. Wiki ileile akaamuru neno hilo lichongwe juu ya kaburi.

Kijiji kizima kilishangaa. Mchonga mawe, mzee Dezső, alimwuliza anajuta nini, maana kitenzi hicho hakisimami bila kitu cha kujutiwa. Tena mtu akijutia la kwake husema bánom, ninajuta, siyo bán, anajuta. Yaani Mama, mwalimu wa lugha, aweke kosa juu ya jiwe! Mama akamjibu kwamba marehemu alikuwa Mslovakia, hakuwahi kukinyoosha kitenzi cha Kihungari hata kimoja, basi aachwe alale na chake. Naye Baba mdogo Metod, aliposhuka kutoka kwao milimani, alilisoma kwa Kislovakia chake akaona tumempa kaka yake cheo cha wale mabwana wakubwa wa zamani. Bado namsikia pale makaburini: “Kaka yangu alikuwa mpaka rangi, shemeji. Leo mmemfanya liwali?” Tulicheka huku tunalia.

Sasa sikia. Jumanne nilitumwa dukani kununua rangi ya dirisha la jikoni. Huku hata wauza duka wanaongea Kiairishi chao, na vibao vyote wameviandika kwa lugha hiyo. Juu ya makopo ya rangi palikuwa na kipande cha kadi, na juu yake neno letu, na alama yake ileile juu ya herufi. Nilidhani macho yananidanganya. Nikamwuliza mwenye duka neno lile lina maana gani.

“Nyeupe,” akasema.

Nikamwuliza kama hakuna maana nyingine. Akafikiri, akasema huitwa hivyo pia kitu kitupu, kama karatasi isiyoandikwa. “Lakini hapa, dada, ni nyeupe tu. Nikupimie kiasi gani?”

Nilitoka bila rangi. Ibolya, miaka kumi na mmoja tumepeleka maua kwenye jiwe lililoandikwa nyeupe.

Kesho yake nilikwenda kwenye ile anwani iliyokuwa katika hati za kifo. Mwenye nyumba, Mama Nóirín, yu hai bado, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Nilipojitaja ni mtoto wa nani, alinishika uso kwa mikono miwili. Aliniambia karatasi ile aliiandika yeye. Baba alikuwa akimpakia madirisha rangi, na mara ya kwanza alirudi na rangi ya maziwa yaliyoganda, wakagombana, ndipo akamwandikia ili asikosee tena. Nilitazama nje nikajaribu kutaja ng’ombe wake mweupe kwa neno lile. Akanisahihisha papo hapo kwamba ng’ombe ni wa kike, na kwa wa kike mwanzo wa neno hulainishwa, linasikika kama waan. Nikamwambia sisi tumelichonga kwenye jiwe. Akakatakata mkate mwingi kuliko tuliohitaji.

Kisha akafungua kabati akaleta bunda lililofungwa kwa uzi wa sufu. Barua tisa, dada. Mwandiko wa Baba, anwani ya nyumbani kwetu. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Na juu ya kila moja, kwa ule mwandiko wa ubaoni tuliojifunzia kusoma, Mama ameandika: Irudishwe kwa aliyeituma.

Kumbe hakunyamaza! Sisi ndio tuliomchukia kwa kunyamaza.

Nilimpigia Mama nikiwa bado pale pale. Nilianza na ile rangi, nikidhani nitamvunja moyo. Hakushtuka.

“Gyöngyi, mwanangu, nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne,” alisema. “Ulidhani sijui mwandiko wa mume wangu? Ule ulikuwa wa mwanamke. Sikujua neno lilitoka wapi, ila nilijua si lake.”

Nikamwuliza kwa nini basi alilichonga.

“Jiwe linasema anajuta,” akasema. “Halisemi nani. Watu walisoma walivyotaka, nami niliwaacha.”

Hakuwa na kosa la sarufi, Ibolya. Ni yeye aliyekuwa akijitaja, mbele ya kijiji kizima.

Nitafika Ijumaa ijayo, na barua ninazo. Mama ameomba zisifunguliwe mpaka tukae sote watatu. Nakusihi usimlaumu kabla sijafika. Nenda tu ukalale kwake.

Lakini lazima nikiri: moja nimeifungua. Sikuvumilia. Nusu ukurasa ni habari zako. Anauliza kama ulifaulu mtihani wa udereva, na kama hukufaulu usilie, kwani yeye alifaulu mara ya nne na hakumwambia mtu. Anauliza tena mwishoni, chini ya jina lake, kana kwamba alikuwa amekwisha kuifunga bahasha akaifungua.

Nisalimie wote nyumbani, na umbusu mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Gyöngyi